Kidole Kilichogoma Kushuka

Usiku wa jana niliota kidole changu cha shahada kimegoma kushuka.

Kilikuwa kimesimama wima, mkono wa kulia, kama cha mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilikivuta, hakikuvutika. Nilikifunika kwa kanga, kikaiinua na kanga. Wala sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai mambo makubwa. Nilichokuwa nawaza ni namna ya kupitisha mkono kwenye blauzi.

Sababu ya kidole naijua, na afadhali niiseme mapema msije mkanidhania mwehu. Mimi naitwa Mwasiti, ni fundi cherehani hapa Singida, na pia ni afisa ustawi wa klabu ya michezo ya mtaa wetu, Klabu ya Upepo. Cheo hicho nilipewa siku niliyokosa mkutano. Ndivyo tunavyochaguana pale klabuni: aliyepo anakataa, asiyekuwepo anapigiwa kura zote. Mimi nilikuwa msibani Manyoni. Nashuka kwenye basi naambiwa hongera.

Wakanipeleka semina ya siku mbili. Nilirudi na kofia, daftari, na sheria nne za kumlinda mchezaji mtoto. Mlango wako uwe wazi saa zote. Usizungumze na mtoto mkiwa wawili peke yenu, awepo mtu mzima mwingine karibu. Akikwambia jambo, liandike kwa maneno yake mwenyewe, usitie chumvi. Na ya mwisho, usimwahidi kutunza siri, maana huenda siri hiyo ndiyo inayomuumiza.

Sheria tatu nilizishika vizuri. Ya nne niliivunja Alhamisi.

Siku hiyo kwenye mazoezi, Siwema, kipa wetu wa timu ya wasichana, mtoto wa miaka kumi na minne, aliruka kufuata mpira na kichwa chake kikagonga nguzo ya goli. Akanyanyuka anacheka, na sisi tukacheka. Jioni akaja kibandani kwangu. Mlango ulikuwa wazi, na mteja wangu mmoja alikuwa anasinzia kwenye benchi, kwa hiyo mtu mzima wa pili alikuwepo.

"Mama Ustawi," akaninong'oneza, "naona mipira miwili. Na kichwa kinauma nikiinama kufunga kamba. Lakini usimwambie mtu, Jumamosi ni fainali. Apa."

Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, nikalamba kidole nikakielekeza mbinguni kama watoto wafanyavyo. Haki ya Mungu, simwambii mtu. Nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa anatetemeka, na nilitaka aache kutetemeka. Maneno yake niliyaandika daftarini, nikalifunga, na Ijumaa kutwa nilishona bukta za fainali huku nikijidanganya kwamba ameshapona.

Basi, kidole ndicho hicho. Nimelala, na ndotoni nimeketi mbele ya cherehani yangu, nimalizie bukta ya mwisho.

"Shusha hicho kidole, unanizibia mwanga," inasema cherehani.

"Hakishuki."

"Umeapa nini?"

"Siwezi kusema. Nimeapa kutosema."

Cherehani inajiendesha yenyewe na kushona mguu wa kulia wa bukta ukaungana na wa kushoto. Naiuliza kisa cha kuniharibia kazi. Inasema nguo isiyovaliwa hailalamiki, na bukta hii ni ya kipa, na kipa huyo hatakuwa na haja nayo akishalazwa. Nikaikemea. Nikaiambia kazi yake ni kushona, si kutabiri.

"Na kazi yako ni nini?" ikaniuliza.

Kabla sijajibu, mlango wa kibanda ukang'oka kwenye bawaba zake na kunisogelea. Ni mlango wa mbao, wa rangi ya bluu, na unatembea kwa pembe zake mbili za chini, kwa taabu kidogo, kama mtu mwenye viatu vipya.

"Uliambiwa niwe wazi saa zote," unasema mlango. "Mwaka mzima nimesimama wazi. Upepo wa hapa unanipiga usiku na mchana. Watoto watatu tu ndio waliowahi kunipita, na wawili kati yao walikuja kuomba vitambaa vya midoli. Nibebe."

Upepo wa Singida naujua, kwa hiyo nikauonea mlango huruma. Nikaubeba mgongoni, nikaufunga kwa kanga mbili. Mlango mzito jamani. Nikatoka nao, kidole juu, nikiwa nimeinama kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni huku anamwita kondakta.

Nilipopiga hatua ya tatu kibanda kilikuwa hakipo tena. Nipo uwanjani. Jua la saa tisa, vumbi, na watu wamejaa mpaka juu ya mawe yale makubwa ya nyuma ya goli. Fainali ndiyo inaanza. Timu ya ng'ambo ya ziwa imeshapanga mstari, na kila mchezaji wao yupo mara mbili. Waamuzi wapo mara mbili. Mbuzi aliyeingia uwanjani yupo mara mbili na anafukuzwa na wazee wawili wenye fimbo mbili.

Nikaelewa. Tulikuwa ndani ya macho ya Siwema.

Moyo ukanipasuka pale pale. Kuambiwa na mtoto kwamba anaona viwili ni jambo moja, kusimama ndani yake ni jingine. Ardhi ilikuwa inayumba taratibu, na kila aliyepiga makofi, makofi yake yalinichoma nyuma ya jicho. Mtoto huyu alikuwa ameishi humu tangu Alhamisi, akala ugali humu, akafanya jaribio la hesabu humu, na mimi najua na nimenyamaza.

Nikamtafuta Kocha Ntandu. Alikuwa pembeni, ndani ya ule mstatili wa chokaa ambao kocha haruhusiwi kuutoka. Na kweli haruhusiwi: miguu yake ilikuwa imeota mizizi. Ilimtoka kwenye soksi ikazama ardhini, na mtu wa kumwagilia maji alikuwa anammwagilia.

"Dada Mwasiti," akasema, "mbona umeniletea mlango?"

"Ni wa ofisini."

"Uweke hapo. Bukta ya kipa iko wapi?"

"Kocha," nikaanza, na ulimi ukawa mzito ghafla, ukakunjika wenyewe mdomoni kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikajaribu tena. Kidole kikanyooka zaidi, mpaka nikawa nimesimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Una swali?" akauliza Kocha, akikitazama kidole.

Nikatikisa kichwa.

"Basi usininyooshee mkono kama huna swali. Nina fainali hapa."

Kipa msaidizi, Kocha aliniambia, amekwenda harusini kwa shangazi yake. Bila Siwema hatuna mtu langoni. Klabu ya Upepo haijawahi kufika fainali tangu iundwe, na mtaa mzima umekuja, hata wale wasiotusalimia. Aliyasema haya akiwa anakuna mzizi mmoja kwa fimbo. Hakuwa mtu mbaya. Kocha Ntandu nimemfahamu miaka kumi, ni mtu anayewapeleka watoto makwao mmoja mmoja giza likiingia. Lakini mizizi ilikuwa imemshika.

Nikaenda langoni mwenyewe. Nilitaka niongee na Siwema, nimwombe anifungue kiapo. Nilipokaribia, sauti nzito ikanisimamisha.

"Hairuhusiwi. Mko wawili peke yenu."

Ilikuwa nguzo ya goli, ile ya kushoto. Nikageuka kuangalia uwanja wenye watu elfu mbili, mara mbili, elfu nne.

"Watu hawa wote huwaoni?"

"Hao wanaangalia mpira. Hakuna anayemwangalia mtoto. Mtu mzima wa pili nitakuwa mimi. Nina miaka ishirini na tisa, nilichomelewa na fundi Kijanga, muulize."

Nikakubali, nifanyeje? Nguzo ikainama kidogo ili isikie. Na nikaona kwamba rangi yake nyeupe imekwanguka mahali pamoja, usawa wa kichwa cha mtoto.

"Ni mimi niliyempiga," nguzo ikasema.

"Hukumpiga. Alikugonga."

"Wewe unasema hivyo kwa kuwa hukuusikia mlio. Mimi niliusikia kwa ndani. Nimegongwa na mipira, na mikokoteni, na siku moja trekta. Sijawahi kusikia mlio ule. Mlicheka. Mimi nilisimama hapa usiku kucha na ule mlio. Andika."

"Niandike nini?"

"Andika kama nilivyosema. Usinitie chumvi."

Sikuwa na kalamu, na kidole cha kuandikia kilikuwa mbinguni. Nikaokota chokaa kwa mkono wa kushoto na kuandika juu ya mlango, ambao ulilalamika kwamba nautekenya. *Sijawahi kusikia mlio ule.* Mwandiko wangu wa kushoto ni wa kuku, lakini nguzo ilisoma ikatosheka.

Siwema alikuwa amekaa katikati ya goli, amekunja magoti. Ndiye peke yake uwanjani aliyekuwepo mara moja tu.

"Mama Ustawi," akasema, bila kugeuza shingo. "Wako wawili. Yupi ni wewe?"

"Mwenye mlango."

"Wote wana mlango."

Nikaketi chini karibu yake. Nikamwambia nimekuja kumwomba anifungue, nimechoka, mkono unaniuma. Akakitazama kile kidole kwa muda mrefu.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa. Nilikosea kuapa."

"Watu wazima mkikosea mnasema tu mlikosea. Sisi tukikosea tunapiga magoti." Akavuta pumzi. "Mama Ustawi, hakuna mwaka mwingine. Mwakani nitakuwa nimepita umri. Baba alisema mpira wa miguu ni wa kiume, akaondoka kwenda machimboni hajarudi kuniona hata mara moja. Safari hii ametuma ujumbe anakuja. Yuko pale kwenye mawe. Yuko mara mbili, na sijui yupi ni yeye."

Jamani, nililia. Ndotoni machozi hayachelewi. Yalinitoka yakamwagika kwenye mchanga wa goli, na mchanga ukasema asante, maana mvua ilikuwa haijanyesha.

Kipenga kikapulizwa.

Hapo mpira wa kwanza ukaja. Ukaja kama miwili, mmoja kulia mmoja kushoto. Siwema akarukia wa kulia, ambao haukuwepo, akaanguka chini kama gunia. Wa kushoto ukagonga nguzo. Nguzo yenyewe ilijinyonganyonga kuufuata ikautoa nje. Umati ukashangilia. Siwema akanyanyuka, akaweka mkono ukutani, na hapo hapakuwa na ukuta.

"Mtoe!" nguzo ikaniambia. "Mimi siwezi kumsaidia kila mara, nimesimikwa kwa zege!"

Mpira wa pili ukaja, ikawa minne. Siwema akarukia katikati. Nikaona kichwa chake kinaelekea nguzo ile ile, mahali pale pale palipokwanguka, taratibu mno, taratibu kiasi kwamba niliweza kuhesabu nywele zake zilizotoka kwenye mafundo. Nguzo ikafumba macho. Sikujua kwamba nguzo ina macho mpaka ilipoyafumba.

Nikaugeuza mlango kutoka mgongoni na kuutupa katikati. Siwema akaangukia juu ya mlango, tumbo chini, ukampokea polepole na kumlaza.

"Kumbe hii ndiyo kazi yangu," mlango ukasema.

Mchezo wote ukasimama. Nikasimama mbele ya goli na kidole changu juu, na safari hii kila mtu alidhani nina swali.

"Kocha!" nikaita. "Nina neno!"

Ulimi ukakunjuka. Lakini maneno yaliyotoka hayakuwa yangu, na sauti haikuwa yangu. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike wa miaka kumi na minne, na ilisema kama alivyosema Alhamisi, bila kupunguza, bila kuongeza. *Naona mipira miwili. Kichwa kinauma nikiinama kufunga kamba. Usimwambie mtu.*

Hata hilo la usimwambie mtu lilitoka. Nililisema mbele ya watu elfu nne.

Kidole kikashuka. Kikashuka taratibu, kikajikunja na wenzake, kikawa kidole cha kawaida chenye sugu ya sindano. Mkono wote ukaingia ganzi. Na pale nilipotazama tena uwanjani, watu wa pili wote walikuwa wameondoka. Mbuzi alibaki mmoja.

Kocha Ntandu alikuwa amekaa chini. Mizizi ilikuwa inakatika mmoja mmoja, kwa mlio wa uzi unaokatwa kwa meno.

"Nilimwona jana anafunga kamba za kiatu ambacho hakuwa amekivaa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikajiambia ni usingizi. Dada Mwasiti, nilitaka sana iwe usingizi."

"Hata mimi," nikamwambia.

Akaja mpaka langoni, akashika pembe moja ya mlango. Wasichana wa ng'ambo ya ziwa wakashika nyingine, maana na wao wana mama zao. Tukambeba Siwema juu ya mlango, tukauvuka mstari wa pembeni, na ng'ambo ya mstari ikawa veranda ya hospitali, benchi refu la saruji, na foleni ndefu, na kila aliyekuwa kwenye foleni akasogea kutupisha bila kuambiwa. Hilo ndilo lililonifanya nianze kushuku kwamba ni ndoto.

Siwema akaketi juu ya mlango. Hakuwa analia. Ingekuwa heri angelia.

"Sitakwambia kitu tena," akasema. "Maisha yangu yote. Hata nikiungua."

Nimeambiwa maneno mengi na wateja wangu, wengine wamenitukana mpaka ukoo kwa sababu ya kola. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nilihisi nimempoteza, na nilijua kwamba ningeulizwa tena ningempoteza tena, hivyo hivyo.

"Nikasirikie," nikamwambia. "Nikasirikie mpaka uwe bibi. Nataka uwe na kichwa cha kunikasirikia."

Akanipa kisogo.

"Na hapa ni ndotoni, Siwema," nikaendelea, maana nilikwisha tambua, na nilianza kusikia jogoo wa jirani akiwika kwa mbali, nyuma ya hospitali. "Hapa hakuna daktari wa kweli. Sikiliza. Asubuhi nitakuja kwenu. Saa moja. Nitamwambia mama yako, halafu nitamwambia Kocha, kisha wewe, mama yako na mimi tutakwenda hospitali ukapimwe. Vaa sweta, asubuhi kuna baridi ya upepo."

"Na nikikataa?"

"Utakataa ukiwa ndani ya bajaji."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, macho yake yote mawili yalinitazama mahali pamoja. Alifungua mdomo kunijibu, na mimi nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nilikuwa nimelalia mkono wa kulia, umekufa ganzi mpaka begani. Nikatazama saa ukutani: saa moja na dakika kumi. Nilijifunga kanga, nikavaa kandambili zisizofanana, sikunawa hata uso. Bukta za fainali niliziacha zimekunjwa juu ya cherehani. Kumi na moja zilikuwa sawa. Sikuwa na muda wa kuitazama ya kumi na mbili.

Kwa kina Siwema ni mwendo wa mitaa miwili. Njiani nilikuwa naipanga hotuba yangu: nitaanzaje kwa mama yake, nitamwitaje mtoto pembeni, nitasema nini atakapoanza kupiga kelele kwamba niliapa. Nilikuwa na hofu kuliko siku niliyoolewa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nakwenda. Siwema hana simu, na namba ya mama yake sina.

Nilipokata kona nilimwona. Amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao, uso ameugeuzia ukutani ili jua lisimpige. Amevaa sweta la shule, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kadi yake ya bima ameishika mkononi. Mama yake alikuwa anafagia ua, akaniona, akaegemea ufagio.

"Dada Mwasiti, afadhali umekuja utufumbulie. Huyu mtoto tangu kumepambazuka yuko hapo na sweta. Chai hataki. Namuuliza unakwenda wapi, ananinunia. Mna safari gani nyie?"

Siwema hakunitazama.

"Umechelewa," alisema, akiuambia ukuta. "Ulisema saa moja."